Kiangazi cha Kuchapa Miti

Maganda ya ule mti wa miiba yakiiva yalikuwa na harufu ya sukari guru iliyosahauliwa juani, na chini ya utamu huo kulikuwa na harufu nyingine, ya mkojo wa mbuzi. Zote mbili zilikuja pamoja kila alasiri, upepo ulipogeuka na kuanza kupanda kutoka ziwani. Njiani zilichanganyika na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, kisha zikaingia ndani kwetu bila kubisha hodi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa Ujiji, upande wa chini, pale njia ya gari inapokata tamaa na kuwa njia ya miguu. Mbele tulikuwa na kibaraza, nyuma tulikuwa na shamba la kama ekari moja linaloteremka hadi kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito mchanga na ziwa. Naliita shamba kwa heshima ya marehemu baba. Mwaka ule lilikuwa msitu wa miiba, na aliyetaka kwenda kuchota maji alizunguka njia ndefu, kwani hata kuku wetu walikuwa wameacha kulikatiza.

Mti ule aliuleta baba mwenyewe, na hilo ndilo lililotunyima mtu wa kumlaumu. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Baba alikuwa utingo wa malori ya mizigo, na kila safari alirudi na kitu ambacho hakuna aliyekiomba: jogoo asiyewika, redio isiyo na mkonga, na mara moja, kutoka huko kaskazini kwenye ukame, miche mitatu ndani ya makopo ya maziwa. Aliipanda mpakani mwa shamba huku akiwahutubia majirani. Alisema kule alikoitoa watu wana majina yao, lakini yeye ataiita askari, kwa sababu inalinda bila mshahara, hailali, wala haiombi chai. Majirani walicheka, na wengine wakaomba mbegu. Haikupita miaka mingi, askari wale waliacha lindo lao mpakani, wakaingia shambani na kupindua serikali. Mihogo ilisalimu amri kwanza, karanga zikafuata. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu baba alikuwa safarini, na aliporudi mgeni alikuwa na wajukuu.

Mama alifariki alipomzaa Kassimu, kitinda mimba wetu. Kassimu alipofika miaka mitano baba naye akashikwa na homa Jumatatu, na Ijumaa tukamzika. Tulibaki wanne: mimi Mwamvita, Issa mwenye miaka kumi, Zuhura mwenye minane, na huyo Kassimu. Shule nilikuwa nimekwisha iacha, darasa la sita, kwa sababu mtoto anayetaka kuogeshwa hangoji kengele ya mapumziko. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba sikushangaa sana. Kilichonishangaza ni kugundua kwamba ukubwa huo ulikuwa na muda maalumu, na muda wenyewe ulikuwa mpaka arobaini ya baba.

Siku ya arobaini alikuja Shangazi Tatu, dada yake mkubwa baba, kwa boti kutoka Mwamgongo alikokuwa ameolewa na alikokuwa akiuza dagaa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita boti zilizo mbali na nchi kavu. Baada ya kisomo na pilau alikaa mkekani na baba mkubwa wa Simbo, wakatugawa. Kassimu angekwenda Mwamgongo, kwani bado mbichi na anakunjika. Zuhura angekwenda Simbo kumsaidia mke wa baba mkubwa. Issa angekwenda kwa fundi cherehani mmoja huko Kigoma mjini, na mimi ningetafutiwa mahali. Shangazi alitugawa kama alivyozoea kugawa mafungu ya dagaa, kwa haki, bila kupunja, na bila kuwauliza dagaa.

"Shangazi," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga, "sisi tutabaki hapa."

"Mbaki mle nini? Kibaraza?"

"Tutalima."

"Wapi?"

"Shamba la baba."

Watu wa mkekani walicheka mpaka mmoja akaweka chini kikombe chake. "Shamba lile?" Shangazi akasema. "Mwanangu, mle hata nyoka akipita anavaa viatu." Lakini alinitazama kwa muda, na nafikiri aliona kwamba sikuwa nalia, maana alikuwa amejiandaa kwa kilio na hakukipata. Akasema, "Haya. Mvua ya kwanza ikinyesha nakuja. Nikikuta mahindi yametoka, mtakaa pamoja, na mimi ndiye nitakayewafunga midomo watu wote. Nikikuta miiba, natia watoto kwenye boti siku hiyo hiyo, wala usinililie." Kisha akapanda boti yake, nasi tukabaki na mapanga mawili, jembe moja, sururu iliyolegea mpini, na kiangazi kizima.

Tulianza kwa makosa. Tulikata kila chenye mwiba. Kule chini, karibu na kijito, kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa miiba uliopukutisha majani yake, na Issa akausimamia siku mbili hadi ukaanguka kwa kishindo. Vumbi halijatulia, tukamwona Bibi Eliza anakuja mbio, kanga mkononi. Bibi Eliza alikuwa jirani yetu wa upande wa kijito, mjane, mzaliwa wa vijiji vya ndani huko, mwenye mbuzi tisa aliowapa majina ya wakwe zake. Mti ule ulikuwa mgunga wake, na chini yake ndipo alipowafunga wakwe zake wakati wa jua kali.

"Mwamvita weee! Umugunga wangu umekukosea nini? Mmemkata mwenyeji, mgeni mmemwacha amesimama anawacheka!"

Tukamwamkia wote kwa pamoja, shikamoo nne, tukiomba radhi kwa amkio. Aliitikia marahaba moja kwa wote, akaketi juu ya mgunga wake ulioanguka, akatufundisha. Alichuma tawi la mgunga na tawi la askari wa baba, akayaweka pajani. Majani yalifanana, madogo madogo, yamepangwa kama manyoya ya kuku. Lakini mwiba wa mgunga ulikuwa umepinda kama kucha ya paka. "Huu wa kwetu," alisema, "unakushika nguo, unakwambia subiri kwanza, habari za nyumbani? Huu wa baba yenu umenyooka kama sindano. Hauna salamu." Akatuonyesha maganda ya huo wa baba pia, marefu ya rangi ya maziwa mgando yaliyoungua, matamu hata kwa mtu. Na jambo la mwisho, alisema, tutazame tu kiangazi hiki ni mti gani umebaki kijani wakati miti yenye adabu imevua nguo. Zuhura alifupisha somo lote kwa maneno ya kukariri: anayeshika nguo mwache, anayetoboa ndala mkate. Kuanzia siku hiyo hatukukosea tena, ingawa ndala zetu zote zilikuwa zimekwisha soma somo hilo kabla yetu.

Tulikata kwa wiki tatu. Mikono yangu ilikuwa kama mgongo wa kenge, na Kassimu, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa miiba miguuni mwetu kwa pini, alikuwa fundi wa kusifiwa. Tulipoangusha wa mwisho Issa alipanda kibarazani, akatangazia njia tupu kwamba vita vimekwisha. Tulikula mgebuka siku hiyo, samaki wa ziwa letu, aliyeungwa kwa mawese hadi ugali ukawa mwekundu. Siku kumi baadaye nilishuka shambani asubuhi nikasimama. Kila kisiki kilikuwa kimechipua. Si chipukizi moja, bali matano, sita, mekundu laini, na yote tayari yana vijiba vya miiba. Tulikuwa tumekata mtu mmoja, akarudi na mashemeji zake. Tukakata tena. Yakarudi mengi zaidi, na sasa yalitambaa chini chini, mahali panga halifiki vizuri ila mguu unafika.

Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya nyumba. Hatukuizungumza, lakini kila injini ya boti iliposikika ziwani Kassimu alikimbilia ndani na kujificha kwenye pipa la unga. Boti zinazopita Ujiji si mbili wala tatu. Kwa hiyo mara kadhaa kwa siku nilimtoa mdogo wangu pipani akiwa mweupe kama maiti aliyesamehewa, nikamkung'uta, nikamwambia hiyo ni boti ya mizigo, haina shangazi. Alinijibu, "Ina mlango?" Nikasema boti haina mlango. Akasema, "Basi nitarukia majini," na nikaona kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa kirefu.

Bibi Eliza alikuja siku moja kukusanya maganda kwa ajili ya mbuzi wake, maana lazima niseme ukweli, yeye na mti ule hawakuwa maadui kamili. Mbuzi wake walinenepa kwa hasara yetu. Alitutazama tunavyokatakata, akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo yalibadilisha kiangazi chetu chote:

"Nyie wana, mtakata mpaka mzeeke. Huo bila umuti haufi."

Akabeba kikapu chake akaenda zake. Sasa, ili kosa letu lieleweke, lazima nieleze jinsi tulivyomsikia Bibi Eliza. Nyumbani kwetu, kama kwenye nyumba nyingi za Ujiji, tulilelewa kwa Kiswahili. Kiha, lugha yake, tulikisikia sokoni, kinapita, hatukikamati. Tulichokijua ni kwamba maneno ya Bibi Eliza yalikuja yamevaa kofia, na sisi tulizoea kuzivua kofia hizo. Akisema umuntu, unavua kofia, unapata mtu. Akisema umwana, unapata mwana. Umwaka, mwaka. Haikuwahi kukataa. Basi aliposema umuti, watoto wanne tulivua kofia kwa pamoja, tukabaki na mti.

"Bila mti haufi," Issa akarudia. "Maana yake nini?"

"Tupande mti mwingine uushinde," nikasema mimi, mkubwa wa nyumba.

"Dada, ule mwingine utaota lini? Mvua zinakuja." Issa alikaa kisikini, kwa uangalifu. Halafu akaruka. "Panga ni nini?"

"Panga ni panga."

"Ni chuma! Tunaupiga kwa chuma, na chuma umekizoea. Nyoka je? Nyoka anapigwa kwa nini? Kwa fimbo! Bibi amesema tuupige kwa mti."

Leo naweza kucheka, lakini wakati ule hoja hiyo ilisimama imara kuliko mpini wa sururu yetu. Zuhura aliongeza kwamba hata sisi hatujawahi kunyooshwa na panga. Tumenyooshwa na fimbo, na tumenyooka. Nikaenda ndani nikatoa mchi wa mama. Issa akachonga rungu kutokana na mgunga ulioanguka. Zuhura akachukua mwiko mkubwa wa ugali wa shughuli. Tukashuka shambani, tukazunguka kisiki cha kwanza, tukaanza kukichapa.

Tulichapa kisiki hicho kama mtu aliyekopa heshima ya ukoo akakataa kuirudisha. Tulipochoka tulihamia cha pili. Siku ya kwanza hakuna aliyetuona, lakini siku ya pili wanawake waliokuwa wakiosha vyombo kijitoni waliacha vyombo, na siku ya tatu tulikuwa na watazamaji wa kudumu. Habari ilikwisha panda hadi sokoni kwamba watoto wa yule utingo marehemu wameanza kuadhibu visiki, na kwamba uchungu wa msiba una njia nyingi.

"Kimekosa nini hicho?" kijana mmoja mvuvi aliuliza kutoka njiani.

"Kimekataa kufa," Zuhura alijibu bila kuinua kichwa.

"Kipelekeni kwa mjumbe basi, msijichukulie sheria mkononi!"

"Mjumbe naye tutamchapa!" Kassimu akapiga kelele, na watu wakashangilia. Nilimshika sikio, lakini kwa kweli nilikuwa na haya kuliko hasira. Ukiwa na miaka kumi na mitatu kuchekwa kunauma kuliko mwiba ulionyooka. Nilifikiri kuacha. Kilichonizuia ni hesabu rahisi: tukiacha tunaondoka wanne kwenda njia nne, na tukiendelea tunachekwa. Kuchekwa kulikuwa nafuu.

Kassimu ndiye aliyegeuza mambo, na aliyageuza kwa elimu aliyoipata kwa taabu. Alikuwa ametazama tukichapa vichwa vya visiki siku nne. Siku ya tano akasema, "Mnakosea. Mtu mkaidi anachapwa nyayo." Tukamuuliza miti ina nyayo wapi. Akatutazama kwa huruma. "Chini," akasema, na akaanza kufukua kwa mikono. Tukafukua naye, kwanza kwa mzaha, kisha kwa jembe. Kiasi cha shubiri moja na zaidi chini ya udongo tuliona kitu ambacho hatukuwahi kukiona: mti una shingo. Pale shina linapokutana na mizizi palikuwa pamevimba, pana vinundu vinundu, na kila kinundu kilikuwa chipukizi linalojiandaa. Ndipo lilipokuwa kundi lote la mashemeji, limekaa gizani linangoja tupande juu tukalale. Tuliwachapa nyayo, au shingo, vyovyote vile. Ganda la pale chini lilikuwa laini, na kwa mapigo ya mchi lilibambuka kama ganda la muhogo uliochemshwa, likaacha mti mweupe na uchi. Tulichapa pande zote mpaka hakikubaki kipande. Visiki kumi na viwili tulivifanyia hivyo wiki ile, kabla mchi wa mama haujapasuka. Kwa muda uliobaki kisamvu tulikitwanga kwa jiwe, na hatukunung'unika sana.

Tukangoja. Visiki vilivyochapwa kichwani vilichipua baada ya siku kumi, kama kawaida, tena kwa furaha. Vile kumi na viwili vilivyochapwa chini vilikaa kimya. Wiki mbili, kimya. Wiki ya tatu nilikigonga kimoja kwa kisigino cha jembe, kikalia kama debe tupu. Nimesoma hadi darasa la sita tu, na sikumbuki mambo mengi ya darasani, lakini sijasahau sauti ya kisiki kile. Nilimwita Issa, akakigonga. Akamwita Zuhura. Tukakigonga zamu kwa zamu kama watu wanaojaribu redio mpya. Kisha bila kusema neno tulirudi kwenye vile vilivyobaki, navyo vilikuwa vingi kuliko vidole vya mikono yetu sote wanne, tukaanza kufukua nyayo.

Tulikuwa karibu kumaliza Bibi Eliza alipopita, akasimama, akauliza tunafanya nini, maana sokoni alikuwa amesikia mambo asiyoyaamini. Nikamwambia tunafuata maagizo yake. "Ulisema bila mti haufi, Bibi. Tunauchapa kwa mti."

Alinitazama. Halafu akaketi chini mavumbini, mtu mzima na kanga yake safi, akacheka mpaka mbuzi wake wakaacha kula.

"Nilisema umuti! Umuti! Dawa! Oili chafu ya magari, unamwagia kisiki, kinakufa! Mti kwa Kiha si umuti, mti ni igiti! Yesu wangu, mwezi mzima watoto wanapiga miti kwa miti!"

Tulisimama pale na virungu vyetu. Oili chafu ilikuwa tele kwa mafundi wa magari, na baba aliwajua wote. Lakini Bibi Eliza alipojifuta machozi alijiinua, akaenda kwenye kisiki kilichokufa, akakisukuma kwa mguu, kikayumba. Akakisukuma kingine. Kicheko kikamwisha taratibu. Aliinama akatazama shimoni, akapitisha kidole kwenye shingo iliyobambuliwa. "Ehe," akasema. "Kumbe na nyie mna umuti wenu." Jioni hiyo aliwafunga mbuzi wake upande wa pili wa kijito, kwa kuwa sasa alikubali kwamba walikuwa wanakula maganda kwake na kupanda mbegu kwetu, kwa njia ambayo mbuzi hupandia. Kesho yake alikuja na mbegu za mahindi kwenye kipande cha kanga, akasema ni fidia ya mbuzi. Nilimkumbusha kwamba sisi ndio tuliokata mgunga wake. Akasema, "Nyamaza, upande."

Maganda yote tuliyafagia na kuyachoma, na matawi yenye miiba tukayapanga kuzunguka shamba, ili miiba yenyewe izuie mbuzi wasilete mingine. Baba angependa hilo. Tulipanda siku mbili kabla ya mvua, kwa kukisia tu, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa kama watu wanaojadiliana. Ilinyesha. Moshi wa kiangazi ukaoshwa, na milima ya Kongo ikatokea ng'ambo ya maji, karibu mno, kana kwamba nayo imekuja kukagua. Siku ya nane mahindi yalikuwa ya urefu wa kidole. Siku ya tisa Shangazi Tatu alishuka botini.

Hakuketi. Hakunywa maji. Alipita sebuleni, akatoka nyuma, akasimama juu ya shamba akiwa ameshika kiuno. Mistari yetu ya mahindi ilikuwa imepinda kama maelezo ya mtu mwongo, lakini ilikuwa ya kijani kutoka juu hadi kijitoni. Sisi wanne tulisimama nyuma yake. Nilitegemea neno. Badala yake Shangazi alivua ndala zake, akaziweka pembeni kwa utaratibu, akajifunga kanga vizuri, akaingia shambani peku. Alitembea polepole, mstari kwa mstari, akikanyaga kwa uzito wake wote, uzito ambao haukuwa mdogo. Alifika kijitoni, akageuka, akaanza kupanda. Issa alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu mazishi. Zuhura alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Zikiwa zimebaki hatua kama kumi, Shangazi akasema "Ashh!" akasimama kwa mguu mmoja.

Alikaa chini palepale kati ya mahindi. Kassimu, kabla sijamzuia, alikimbia akachomoa pini kwenye ukosi wa shati lake, akaushika ule mguu mkubwa akauweka pajani, akautoa mwiba kwa mchomo mmoja kama daktari. Ulikuwa umenyooka. Shangazi aliuchukua, akauweka kiganjani, akaugeuza kwa kidole.

"Mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja tu, Shangazi," nikasema.

"Shamba zima?"

"Shamba zima."

"Pale uani kwangu Mwamgongo," akasema, "napata mitatu kabla ya chai." Akautupa mwiba, akamtazama Kassimu aliyekuwa bado amekumbatia ule mguu kana kwamba ni dhamana. "Na mistari hii nani kaipanda, mlevi? Leteni jembe." Alikaa kwetu siku tisa, akipalilia na kutukaripia, na alipoondoka aliondoka peke yake.

Ni miaka mingi sasa. Shamba lina michikichi upande wa juu na mahindi upande wa kijito, na mistari imenyooka. Mwaka juzi afisa kilimo kijana alikuja, baada ya mti ule kuonekana kwa majirani wawili waliowahi kumwomba baba mbegu. Alieleza kwa ufasaha kwamba kukata juu hakusaidii, kwamba machipukizi yako chini kwenye shingo, na kwamba ni lazima kuchimba na kuibambua yote. Wazee waliokuwepo walinigeukia wakacheka. Kijana akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia hapa hapa, tena kwa viboko. Aliongeza jambo moja ambalo nilikuwa nalijua kwa mgongo: mbegu zile zinaweza kulala ardhini miaka mingi zikingoja. Ni kweli. Kila mwaka, mvua zikikaribia, vinatokea vimche vichache, vya kung'olewa kwa vidole viwili.

Kile tulichokipigania kiangazi kile, kukaa wanne chini ya paa moja, nilikishinda dhidi ya shangazi, lakini sikukishinda dhidi ya maisha. Hakuna aliyewagawa wadogo zangu. Walikua tu, na kazi zikawaita. Issa yuko bandarini Kigoma, Zuhura ameolewa Simbo, huko huko alikokuwa apelekwe, na anapapenda. Kassimu anafundisha shule ya mbali, ya kusafiri kwa treni. Siwalaumu. Zamani nyumba ilikuwa ndogo na nilitamani pa kunyoosha miguu. Leo nina vyumba vitatu na miguu miwili. Nikihesabu niliyonayo sasa na niliyokuwa nayo wakati ule, napata kwamba nimezidi kwa kila kitu isipokuwa kelele.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo sikumwambia yule afisa. Vimche vile naweza kuving'oa vyote mwenyewe kwa asubuhi moja. Siving'oi. Siachi hata kimoja kifikie kutoa ganda, majirani wasiogope, lakini mwezi wa tisa navitazama tu, nachukua simu, nawapigia mmoja mmoja. Issa huja Jumamosi, Zuhura huja na wanawe, na Kassimu hupanda treni. Mwaka huu alilalamika kidogo.

"Dada, kwani hiyo miiba haiishi?"

"Haiishi, mwalimu," nikamwambia. "Mingi mwaka huu. Njooni wote."